Chupa Shingoni mwa Mjomba

Nimewahi kuvaa chupa ya ngozi shingoni nikiwa nimetumwa ndimu, nikiwa kwenye foleni ya maji, na siku moja mbele ya mama wa msichana niliyekuwa nikimtamani, ambaye baadaye aliolewa na mtu mwenye shingo tupu. Kwa hiyo haya ninayoeleza si ya kusikia.

Kwetu Timbwani tunatengeneza chupa za ngozi. Si viriba. Kiriba ni ngozi nzima ya mbuzi iliyofungwa miguu, na nina yakini hakuna mtu aliye hai mtaani kwetu aliyekinywea. Hizi zetu ni vipande viwili vya ngozi ya ng'ombe vilivyoshonwa pamoja vikavimbishwa tumbo, vikatiwa kizibo cha mti na mkanda wa kutundikia begani. Duka moja la Diani huzichukua na watalii huzinunua. Wanazifanyia nini makwao, sijui. Mjomba alikuwa akisema wanazitundika ukutani, na kwamba tungalijua hivyo mapema tusingalihangaika kuzifanya zishike maji. Lakini aliyehangaika kuliko sote ni yeye. Chupa isiyoshika maji, kwake, ilikuwa uwongo uliopakwa nta.

Mjomba ni kaka yake mama. Alikuwa mshona makubadhi tangu ujana, mpaka ndara za plastiki zilipomfukuza sokoni. Mgeni mmoja akamwonyesha picha ya chupa ya ngozi, akamuuliza kama anaweza. Akajibu anaweza. Hakuweza. Aliharibu ngozi za watu kiasi cha kuvalisha kijiji, kisha akaweza, na tangu siku hiyo akawa na ukali wa mtu aliyejifundisha mwenyewe na asiye na mtu wa kumsamehe.

Sheria ya baraza letu aliitunga yeye. Kila jioni chupa zilizokamilika hujazwa maji, zikatundikwa kwenye kamba, na chini ya kila moja huwekwa kipande cha kadibodi kavu. Asubuhi, baada ya sala na kabla ya chai, Mjomba hupita akikagua zile kadibodi kama daktari wa wodi. Kadibodi ikiwa na doa, chupa hiyo ni kikojozi. Na kikojozi hatupwi. Hupewa mzazi wake. Aliyeishona huitwa, akainama, akavikwa shingoni ikiwa na maji yake, ikaendelea kumdondokea kifuani mpaka adhana ya alasiri. Akitumwa dukani huenda nayo. Akija mgeni humpokea nayo. Wala huivui mwenyewe: aliyekuvika ndiye akuvuaye.

Mimi nilivikwa hata mama akaacha kushangaa. Mjomba aliniita Mwali, kwa sababu sitoki. Ni kweli sitoki. Nimesoma mpaka kidato cha nne, na cheti changu mama amekifungia sandukuni, si kwa fahari, ila watu wasikione. Baada ya hapo nilikaa barazani kungoja kazi, nikazoea kukaa kuliko nilivyozoea kungoja. Feri iko karibu hata honi yake hutuamsha, lakini kuvuka kwangu ni kama kwenda Hija: mpaka niwe na sababu, afya na nia. "Mwali wetu huyu," Mjomba aliwaambia wapita njia, "amewekwa ndani, hajapatikana tu wa kumtoa."

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana ndimo kisa kilimo.

Ngozi hukatwa kwa kigezo, vipande viwili vinavyofanana. Ukingoni hutobolewa matundu kwa msharasi, ule mwiba wa chuma wenye mpini wa mti ambao washona viatu wote wanao. Kisha unabana vipande katikati ya magoti na kushona kwa sindano mbili zilizo kwenye uzi mmoja, hii inatoka kulia na hii kushoto, zote mbili zikipita tundu lile lile. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Sindano ya pili haina budi kupita kando ya uzi uliokwisha kupita, bila kuuchoma. Ukiuchoma huoni kitu. Mshono unapendeza, unavuta uzi, uzi unaitika. Lakini uzi uliotobolewa, ukishalowa, hufungua njia. Na macho hayakusaidii, kwa sababu tundu umelifunika kwa mkono wako mwenyewe. Zinazojua ni ncha za vidole. Zinasikia sindano inapougusa uzi, zinairudisha nyuma kidogo, zinapita kando.

Ikishashonwa, chupa hulowekwa katika maji ya vuguvugu mpaka ngozi ilegee, kisha hujazwa mchanga kupitia mdomo wake. Unatia konzi, unashindilia kwa kijiti, unatia, unashindilia, na tumbo linavimba taratibu kama la mtu aliyealikwa pilau. Mchanga wetu watoka ufukweni, na wa ufukweni una chumvi, kwa hiyo kwanza sharti uoshwe kwa maji matamu, uanikwe, uchekechwe. Mchanga wa chumvi haukaushi ngozi. Huifanya itoke jasho mpaka iote ukungu. Chupa ikikauka na umbo lake, mchanga humwagwa, ndani humiminwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, ikazungushwa huku na huku, iliyozidi ikarudi sufuriani.

Kazi ya mchanga ni ya aliye chini kabisa. Kwa miaka mingi huyo nilikuwa mimi, mpaka alipokuja dada wa bara.

Alikuwa amepanga chumba chetu cha uani. Zamani alishona mifuko ya ngozi katika kiwanda kimoja huko Changamwe, kiwanda kikapunguza watu, akaja huku kwetu Likoni kutafuta pa kulala pa bei nafuu. Mama ndiye aliyemwona jioni moja akijishonea kiatu kwa sindano mbili, akamwita barazani. Mjomba hakufurahi. Akamwita Bara, basi, kama vile bara yote imekuja na ndoo yake na kukaa pale. Kiswahili chake alikicheka mbele yake na nyuma yake. Akisema "hii maji imemwagika," Mjomba huinua kichwa na kuuliza huyo Maji ni nani, na amemwagikia nani. Dada aliinamia ngozi yake. Alishona.

Na mkono alikuwa nao. Lakini ngozi nene ya chupa si ya mfuko, na wiki za mwanzo alitoa vikojozi kama mimi. Siku moja, ambayo sote tunaikumbuka, alivikwa asubuhi, na mchana wakamjia wazee wa kanisa lake, watu wenye suti, kumwombea katika chumba chake. Akamwendea Mjomba, akamsihi kwa sauti ya chini amvue. Mjomba akasema alasiri bado. Adhana ilipolia dada akatoka tena mlangoni, blauzi imemganda kifuani, wageni wake wakitazama. Mjomba akatega sikio, akafikiri.

"Hiyo ni ya msikiti wa Shika Adabu," akasema. "Ya kwetu haijalia."

Ikalia ya kwetu, akasema hakuisikia vizuri. Wazee wakaomba, na dada akapiga magoti katikati yao na ile chupa ikidondosha maji sakafuni, tone, tone, na kila walipotaja amina Mjomba naye aliitikia kutoka barazani kwa sauti kubwa kuliko zao. Mimi nilicheka mpaka nikalazimika kuingia ndani. Mama pia alicheka, ingawa leo hakubali.

Sasa, jambo ambalo dada hakulijua siku ile ni kwamba Mjomba mwenyewe pale barazani alikuwa amekaa kwa ncha ya kalio. Nyumba ni ya mama, ameachiwa na marehemu baba. Mjomba alikuwa na mwana mmoja, anayeishi Chaani na mkewe na watoto katika vyumba viwili, na mke huyo na Mjomba walichukiana kwa bidii. Mama, ambaye anapenda watu kwa masharti, alikwisha kumwambia kaka yake zaidi ya mara moja, tena mbele yangu: hapa unakaa kwa mikono yako; siku mikono ikichoka, una mwana. Mjomba alicheka kila mara. Lakini nilimwona jinsi anavyokaa baada ya hapo, mgongo wima, sindano zikienda mbio.

Kisha ikaja sukari. Zahanati walimwambia apunguze wali na chai tamu. Akasema sukari ya mwilini haijui habari za sukari ya kikombeni, akaendelea. Mwanzo ilimpata miguuni. Ndara ilimvuka njiani na yeye akaendelea kutembea mpaka watoto wakamkimbilia nayo. Tulimcheka kwa hilo mwezi mzima. Halafu nikaanza kuona madoa kwenye ngozi. Madoa madogo, meusi, pembeni mwa mshono, ya kukauka. Nikadhani nta chafu. Asubuhi moja nikamwona anashona huku kidole chake cha kati kinatoka damu, tone moja limekwisha kufika kwenye kiwiko, na yeye anazungumza na mimi habari za bei ya vitunguu.

Nikamwambia, "Mjomba, unavuja."

Akakitazama kidole kama kitu cha jirani. Akakifuta kwa kanzu. Akasema Mwali anapoona damu hudhani ni yake, na baraza zima likanicheka.

Baada ya hapo alilalamikia uzi kuwa si wa katani halisi. Akalalamikia mwanga. Akahamia upande wa barabarani, akarudi upande wa mlangoni, akasema mimi namkalia jua. Jioni akawa hatundiki chupa zake kwenye kamba. Alisema zimekwisha kujaribiwa kwa jina lake. Na ni kweli jina lake lilikuwa kipimo. Kila mmoja wetu aliweka alama kitakoni mwa chupa: mimi nukta, dada msalaba mdogo. Mjomba hakuweka kitu. Alisema kazi yake haihitaji kitambulisho.

Mama ndiye aliyezitundika. Sijui kama alishuku au alitaka tu kamba ipendeze. Aliingia nyuma ya mgongo wake jioni moja, akazijaza maji zote, zenye alama na zisizo nazo, akapanga kadibodi.

Asubuhi Mjomba alitoka akiwa na furaha, anasugua mikono. Alianzia upande wangu kama kawaida na kuuliza ni nani aliyekojoa leo, maana anasikia harufu ya Mwali. Kadibodi yangu ilikuwa kavu. Ya dada kavu. Mbele kidogo kadibodi moja ilikuwa imelowa hadi imejikunja, na juu yake chupa nzuri kuliko zote, mabega yameviringana sawasawa, mshono kama umepigwa rula, ikitoa tone begani, ikingoja, ikitoa jingine. Mjomba akaigeuza kitako juu. Akatafuta alama. Nadhani aliitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mama alikuwa na birika mkononi. Mimi, niliyeiota asubuhi hiyo kwa miaka, nilikuwa na hotuba nzima kichwani, yenye utangulizi na vichekesho, na nikagundua kuwa siwezi hata kukohoa.

Dada aliinuka kwenye mchanga wake. Akaifungua ile chupa kwenye kamba, bila haraka, akasimama mbele ya Mjomba na mkanda umefunguliwa mikononi. Ni mfupi kuliko yeye. Akasubiri ainame.

Na Mjomba akainama. Lazima nimpe haki yake. Hakutafuta uzi wala mwanga. Akainama, akavikwa, akaketi pahali pake na kuomba chai.

Siku nzima alishona nayo. Alituchokoza kama kawaida, alisema maji yanampoza, alisema na sisi tungekuwa na akili tungevaa. Adhana ya alasiri ikalia. Mjomba akaweka sindano chini, akanyoosha shingo kumwelekea dada.

Dada alikuwa anachekecha. Hakuinua kichwa.

"Hiyo ni ya Shika Adabu, mzee," akasema.

Nilicheka. Mama naye akaficha mdomo kwa leso. Mjomba mwenyewe akatikisa kichwa, akaonyesha meno, kama mchezaji aliyefungwa bao la haki. Ikalia ya kwetu. Dada akasema hakuisikia vizuri. Akamaliza mchanga wake, akanawa, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango.

Tulidhani atatoka. Magharibi mama alimwambia kaka yake aivue, mchezo umekwisha. Hapo ndipo Mjomba alipotuzidi sote. Akasema sheria ni sheria, aliyemvika ndiye atakayemvua. Akalala nayo. Asubuhi akaijaza maji mwenyewe, kwa sababu yalikuwa yamekwisha, akaenda nayo msikitini. Akakaa nayo kwa kinyozi. Akapita nayo sokoni polepole, akimsalimu kila mtu, na kila aliyemuuliza alijibiwa kwa upole kwamba amevishwa nyumbani kwa dada yake.

Kwa dada yake. Hilo ndilo lililomfika mama rohoni. Kabla ya juma kwisha wanawake walianza kupita kwetu bila shughuli, wakasimama mlangoni, wakatazama mzee mwenye ndevu nyeupe aliyefungwa chupa kama mbuzi wa arusi. Mmoja akamuuliza mama kama kaka yake hupewa maji mengine, au ni hayo hayo ya shingoni. Mama akaingia ndani, akalia kwa hasira. Alipotoka alikwenda moja kwa moja uani, akagonga, na nikasikia akimsihi dada kama vile dada ndiye mwenye nyumba.

Dada alikubali kuja. Lakini alikuja na msharasi.

Akaketi kwenye mkeka mbele ya Mjomba, magoti yakikaribiana na yake. Akasema atamvua sasa hivi, ila kwanza ampe mkono wa kulia na afumbe macho. Mjomba akauliza ni mchezo gani huo wa bara. Dada akasema ni mwepesi: atamchoma kidogo, naye ataje ni kidole gani. Akitaja sawa, atamvua, atambusu mkono, na mchanga atachekecha yeye mpaka aondoke nyumba hii. Akikosa, atamvua vile vile, ila sindano Mjomba ataziweka chini.

Nilitaka kusema kitu. Mama alinishika kanzu.

Mjomba angeweza kukataa. Alitutazama mmoja mmoja, mimi mwisho, akaona kuwa kukataa ni jibu pia. Akanyoosha mkono, akafumba mato. Nasema mato kwa sababu ndivyo alivyosema mwenyewe: "Haya, nimefumba mato. Usinivunje tu kucha."

Dada akaushika ule mkono kwa kitambo. Vidole vilikuwa vinene, vimeng'aa kwa nta ya miaka. Akaweka ncha ya msharasi kwenye kidole cha shahada, akausukuma. Hakuchoma kidogo. Nilimwona akiusukuma mpaka ngozi ikabonyea, ikapasuka. Akautoa. Damu ikachomoza, ikawa ushanga, ikateleza kwenye kiganja. Akahamia kidole gumba. Akafanya vile vile. Mama alikuwa amegeukia ukuta.

Mjomba alikaa na uso wake umetulia, nyusi zimepandishwa, kama mtu anayesubiri kusikia jina lake likiitwa.

"Choma basi," akasema. "Wangoja nini?"

Sauti za barabarani ziliingia: mchuuzi wa samaki, pikipiki, mtoto akilia. Damu ilikuwa imefika kwenye kifundo cha mkono na kuingia ndani ya kanzu.

"Bara. Waogopa?"

Kisha nadhani alisikia jinsi tulivyonyamaza, akafumbua.

Alitazama mkono wake, sisemi kwa muda gani. Akaufumba, akaufumbua. Dada akajinyoosha, akamtoa ule mkanda kichwani taratibu, asimkwaruze masikio, akaibeba chupa na kuumwagia mchicha wa uani maji yake. Aliporudi alichukua sindano za Mjomba na msharasi wake na kuziweka kwenye kikopo chake yeye. Hakusema kitu cha ushindi. Ningependa kuandika kwamba alisema, maana ingenipunguzia uzito.

Mama hakumfukuza kaka yake. Alisema akae, mchanga nao ni kazi. Kwa hiyo Mjomba akahamia kwenye ndoo na chekeche, dada akahamia kwenye kiti kilicho karibu na mwanga, na mimi nikabaki pale pale nilipo, jambo ambalo ni kipaji changu.

Basi tukawa watu wazuri. Hilo ndilo nililokuja kulisema. Tuliacha kumtania. Hatukuambiana, ilitokea tu kila mmoja akaona haifai. Akipita, tunampisha. Akiangusha chekeche, tunaliokota. Dada alianza kumsalimu shikamoo kila asubuhi kwa adabu kamili, na mimi nikamwita Mjomba kwa sauti ile watu wanayotumia wodini. Kamba ya chupa ikaendelea, vikojozi vikatokea, lakini tulivishusha kimyakimya na kuvifumua, kwa sababu ya kuona haya mbele yake. Baraza likawa safi kama chumba cha maiti.

Alijaribu. Aliniita Mwali, nikatabasamu. Alimuuliza dada huko kwao kama wana maji au bado wanalamba mawe, dada akasema wana maji, mzee, ahsante. Alipokwisha kukata tamaa ya maneno akafanya kitendo. Alileta mchanga mbichi kutoka ufukweni, hakuuosha, akajaza nao chupa zote zilizokuwa zimelowekwa, agizo zima la Diani, akazishindilia vizuri kwa kiganja kisichosikia. Siku kadhaa baadaye tulizikuta zimetoka jasho, zina ukungu mweupe na kijani mabegani, zinanuka kama soksi ya baharia. Kwa kosa hilo mimi, wakati wangu, ningevikwa chupa mpaka Idi.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye ndoo yake, ameinua kidevu, anatungoja. Nilimwona. Alikuwa na uso wa mtoto aliyevunja sahani kusudi.

Dada aliigeuza chupa moja, akainusa, akaiweka chini.

"Si neno, mzee," akasema. "Tutashona nyingine."

Mama akasema mambo hutokea. Na mimi nikasema nitasaidia kuuosha ule mchanga.

Mjomba alifunga vitu vyake siku ile ile, navyo ni vichache: kanzu mbili, mswala, redio. Mama akamuuliza anakwenda wapi, nani amemwudhi. Akasema hakuna aliyemwudhi, na ndiyo sababu. Akanielekeza kidole, kile kilichokuwa na kovu jipya, akaniita.

"Ndoo huku, univushe. Unipeleke kwa mwanangu. Kule mkewe atanitukana."

Kwa hiyo nikavuka. Nilichafukwa na moyo kwenye feri, nikashika nguzo, na mzee mgonjwa ndiye aliyenishikia mimi mzigo. Hakunicheka, alikuwa anaharakisha. Chaani tulifika mchana. Mkazamwana wake alikuwa mlangoni anachambua mchele katika ungo. Alituona tangu mbali. Hakuinuka. Alimwamkia mkwewe kama dini inavyotaka, kwa maneno machache kadiri dini inavyoruhusu, kisha akaugeukia ungo na kuzungumza nao.

"Mchele wangu," akauambia, "leo utakoma. Wamekuja mafundi."

Mjomba akasimama pale pale njiani na redio kwapani. Akauangalia ungo kwa makini, mwili wote umemchangamka, akausogelea, akaujibu ungo kwamba usiogope, kwani kwa mapishi ya nyumba hii hakuna fundi atakayekula mara mbili.

Mkazamwana akasonya sonyo refu, lile la kutoka tumboni. Mjomba akavua ndara zake kizingitini, kwanza akizitazama ili ajue kama zimo miguuni. Akaingia. Nilimsikia ndani akiuliza ni nani aliyekipaka kitanda chake mavumbi, na sauti ya yule mwanamke ikipanda, na yake ikipanda juu yake.

Hakuna aliyenikaribisha. Nikaweka kanzu zake juu ya ndoo iliyokuwa mlangoni, nikaanza kutafuta njia ya kurudi kwetu.